Nani Ana Haki ya Kufunga Mjadala?

Swali langu katika toleo hili ni fupi. Mtu akikuambia jambo ambalo huna njia ya kulithibitisha papo hapo, anakudai nini? Simaanishi kwamba anakudai umwamini. Hakuna anayeweza kuamini kila anachoambiwa, na hapa kambini anayejaribu kufanya hivyo hamalizi mwezi. Nauliza kitu kingine: ukishaamua kutomwamini, je, umemalizana naye, au bado una deni lake?

Nitajibu kwa njia ya kuzunguka kidogo, kupitia mnyama wa baharini. Najua wengi wetu tumekulia kando ya Ziwa Tanganyika. Tunajua mgebuka na ndagala, bahari tumeisikia tu. Lakini nivumilieni, mtaona kwa nini nimepita huko.

Mnyama huyo anaitwa anemoni. Ukimwona kwenye picha utaapa kwamba ni ua. Anajishikiza kwenye mwamba kwa mguu mmoja mpana, juu ana mdomo, na kuuzunguka mdomo kuna mikono mingi laini inayochoma na kukamata chakula. Maji yakipwa anajikunja, anabaki kama donge la nyama juu ya jiwe. Hana moyo, hana mishipa, hana damu. Lakini wako wekundu kama damu, wako wa kijani, wa kahawia, na wengine ncha za mikono yao ni za zambarau. Kijana mmoja wa kikundi chetu aliona video yao kwenye simu akaniuliza, “Kaka, kama hana damu, huo wekundu anautoa wapi?”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutatafuta. Kumbe swali lile limeulizwa zaidi ya miaka 130 iliyopita, na mtu aliyelijibu yalimpata mambo.

Mtu huyo aliitwa Charles MacMunn. Alizaliwa Ireland mwaka 1852, akawa daktari wa kawaida katika mji wa Wolverhampton, Uingereza, mji ulio mbali na bahari. Mchana alitibu wagonjwa. Muda uliobaki alipanda kwenye dari la zizi la farasi nyumbani kwake, pale panapowekwa nyasi, ambapo alikuwa amejitengenezea maabara. Hakuwa profesa, hakuwa na chuo nyuma yake. Niseme mapema kwamba hakuwa mnyonge kama tunavyoujua unyonge sisi. Mwenye zizi la farasi si mtu wa kupanga foleni ya unga. Lakini mbele ya wakubwa wa sayansi wa wakati ule alikuwa mtu wa pembeni.

Chombo chake kikubwa kilikuwa spektroskopu. Kazi yake ni rahisi kuielewa. Mwanga mweupe ukipita kwenye kioo cha pembe tatu unatawanyika, unakuwa rangi za upinde wa mvua. Sasa ukiweka kitu chenye rangi kwenye njia ya mwanga, sehemu fulani za upinde zinamezwa, zinabaki giza kama mistari. Kila rangi ina mistari yake. Damu ina yake, majani yana yake. Vitu viwili vinaweza kuwa vyekundu sawasawa machoni, lakini mistari ikaonyesha kwamba si ndugu.

Mwaka 1885 MacMunn alichapisha katika jarida la Royal Society ya London uchunguzi wake juu ya rangi za anemoni. Alikuta kwamba rangi hizo haziko za namna moja. Wekundu mwingi tunaouona kwa macho ni wa ukoo ule ule wa rangi ya karoti na mafuta ya mawese. Katika aina nyingine za anemoni, kahawia na kijani vinachangiwa na viumbe vidogo sana jamii ya mwani vinavyoishi ndani ya mwili wake kama wapangaji, vinatumia jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenye nyumba. Lakini chini ya rangi hizo, MacMunn aliona katika anemoni mwekundu mistari ya kitu kingine: rangi ya ukoo wa damu, ndani ya mnyama asiye na damu. Na rangi ile ilibadilika kulingana na kuwepo au kukosekana kwa oksijeni. Akasema kwamba hii lazima ni rangi inayohusika na kupumua.

Hakuishia kwa anemoni. Kati ya mwaka 1884 na 1886 alichungulia nyama na viungo vya wanyama wa kila namna: konokono, wadudu, nyota wa baharini, ndege. Karibu kila mahali alikuta mistari ile ile. Ikipata hewa inafifia, ikikosa hewa inarudi. Akaandika kwamba kupumua hakuishii kwenye mapafu na damu. Nyama yenyewe, ndani kabisa, ina rangi yake ya kupumulia.

Ujerumani alikuwepo mzee mmoja mkubwa, Felix Hoppe-Seyler, profesa wa Strasbourg, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Wajerumani. Ndiye aliyeeleza mistari ya damu mwaka 1862, na mwaka 1864 akaipa rangi ya damu jina la himoglobini, jina tunalolikuta mpaka leo kwenye karatasi za zahanati. Alikuwa pia mwanzilishi na mhariri wa jarida kubwa la kemia ya mwili. Mwanafunzi wake aitwaye Levy alijaribu kazi ya MacMunn kwa nyama ya njiwa, akasema kwamba hakuna rangi mpya hapo, ni damu iliyoharibika tu. MacMunn akajibu katika jarida lile lile. Hoppe-Seyler akajibu tena, akiwa upande wa mwanafunzi wake, na akiwa mhariri akaandika kwamba mjadala zaidi juu ya jambo hili hauna haja.

Basi. Ikawa imeisha hapo. Miaka ikapita, rangi ya MacMunn ikasahaulika. Alifariki mwaka 1911.

Mwaka 1925, huko Cambridge, mtafiti David Keilin alikuwa anachunguza inzi wa farasi, yule ambaye funza wake wanaishi tumboni mwa farasi. Keilin naye alikuwa mtu wa kuja: alizaliwa Moscow katika familia ya Wayahudi wa Poland, akasoma Ubelgiji na Ufaransa, akafika Uingereza mwaka 1915 wakati wa vita. Akaona mistari minne kwenye nyama ya inzi. Akaiona pia kwenye hamira ya mikate. Akitikisa hamira ipate hewa, mistari inatoweka. Akiiacha itulie, inarudi. Akaita rangi ile saitokromu. Na alipoandika, alieleza wazi kwamba daktari mmoja wa Wolverhampton aliiona kabla yake, na kwamba alikataliwa.

Leo tunajua kwamba saitokromu zimo karibu katika kila seli inayotumia oksijeni, ya kwako na ya kwangu. Ziko kama watu waliopanga mstari kutoka bombani wakipokezana ndoo, mpaka ndoo ya mwisho inafika kwenye oksijeni, na kutoka kazi hiyo seli inapata nguvu. Na kama mnadhani hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani, muulizeni mama yeyote kutoka Fizi kwa nini mihogo michungu inalowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa na kutwangwa. Atasema, “Ina sumu, inaua.” Sumu ile ni sianidi. Inachofanya ni kumshika mtu wa mwisho kwenye mstari wa ndoo, saitokromu ya mwisho, asiweze kupokea. Oksijeni iko kwenye damu, lakini seli haiwezi kuitumia. Mama zetu hawakuwa na spektroskopu. Walijua kwa kuona na kuambiana, na wanaowasikiliza wamekula ugali salama.

Sasa nirudi kwenye swali.

Ni rahisi kusoma kisa hiki tukasema: tazama mkubwa mwenye kiburi alivyomkandamiza mdogo mwenye ukweli. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikisoma hivyo, nikafurahi kwa ile furaha chungu ya mtu anayejua kukataliwa. Lakini nikikisoma tena naona kwamba si kweli yote.

Kwanza, Hoppe-Seyler hakuwa mjinga wala mwongo. Alikuwa mtu anayeijua damu pengine kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai. Na hapo ndipo penye mtego. Aliyezoea kuona kitu kimoja maisha yake yote atakiona hata mahali ambapo hakipo. Alipooneshwa mistari ya ukoo wa damu, akaona damu. Tunao hapa pia. Mtu amefanya kazi miaka kumi na watu waliokimbia vita. Anakuja mama aliyekimbia mume, yeye anasikia vita. Mwingine amekutana na waongo wengi, kwa hiyo kila anayesitasita kwenye maelezo anamsikia kama mwongo. Kujua sana kunasaidia, lakini kunaziba masikio pia.

Pili, MacMunn mwenyewe alikosea mahali. Rangi aliyoitoa kwenye nyama ya njiwa kwa dawa, akadhani ndiyo ile rangi yake, haikuwa yenyewe. Keilin alikuja kuonyesha hivyo baadaye. Yaani wapinzani wake walikuwa na pa kushika. Walishika kosa lile moja, wakalitumia kutupa kila kitu, pamoja na anemoni. Lakini anemoni alikuwa swali ambalo jibu lao halikuligusa. Ukisema rangi hii ni damu iliyoharibika, sawa, kwa njiwa inawezekana. Kwa mnyama ambaye hajawahi kuwa na damu, imeharibika damu ya nani?

Hapa nadhani kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha mahojiano ananielewa. Unaeleza miaka sita ya maisha yako. Unasema ulivuka mwezi wa tatu. Miaka miwili baadaye unasema mwezi wa nne, kwa sababu kwenu hamkuhesabu kwa kalenda, mlihesabu kwa kupalilia na kuvuna. Kosa lipo, halifichiki. Lakini kosa la mwezi linajibu swali la mwezi tu. Halijibu swali la nyumba iliyochomwa. Ukweli wa binadamu karibu wote huja umechanganyika na makosa, kama mchele na mawe. Anayemwaga ungo wote kwa sababu ameona jiwe, huyo hajachambua.

Najua kuna wasomaji watakaoniambia: wewe unaongea tu, kaa wewe kwenye dirisha watu mia tatu wakiwa kwenye jua. Lazima mtu aamue. Na ni kweli kuna watu wanadanganya. Sisi wenyewe tunawajua, wengine ni jirani zetu, na siku nyingine ni sisi. Kama kila mjadala ukiachwa wazi milele, hakuna atakayepata hata kilo moja ya unga.

Hilo nalikubali. Ndiyo maana sisemi kwamba kila asemaye aaminiwe. Ninachosema ni kwamba kuamua na kufunga ni vitu viwili. Kuamua ni kusema: kwa ninachokiona leo, jibu ni hapana, na sababu ni hii. Kufunga ni kusema: hata ukileta kingine, sitatazama. Kuamua kunahitaji ushahidi tu. Kufunga kunahitaji uwe na uhakika juu ya ushahidi ambao bado hujauona, na hakuna mtu mwenye uhakika huo, hata aliyeipa himoglobini jina lake.

Na tuangalie pia nani alifunga. Hoppe-Seyler alikuwa upande mmoja wa ubishi, na alikuwa mhariri. Alikuwa mchezaji, refa na mwenye uwanja. Wahenga walishasema juu ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Hata kama refa huyo angekuwa mwadilifu kabisa, hakuna ambaye angeweza kumrekebisha alipokosea, kwa sababu filimbi alikuwa nayo yeye.

Mtu anaweza kusema, lakini mwishowe ukweli ulijulikana, si ndivyo? Ukweli haufi. Maneno haya tunaambiwa sana, na wanaoyasema wana nia njema. Mimi siku hizi yananichosha. Ukweli wa MacMunn ulijulikana kwa sababu anemoni, inzi na hamira bado walikuwepo, yeyote angeweza kuwatazama tena. Ushahidi wake ulikuwa ndani ya kila kiumbe, hauwezi kupotea. Ushahidi wetu si hivyo. Ushahidi wetu ni bibi aliyeona, na bibi amekufa. Ni karatasi iliyolowa wakati wa kuvuka. Kwetu ukifunga mlango miaka arobaini, hakuna Keilin atakayekuja kuufungua, kwa sababu ndani hamtakuwa na kitu. Kwa hiyo anayesikiliza watu ana deni kubwa kuliko anayesikiliza wanyama wa baharini.

Mpaka hapa nimeongea kama aliyeonewa. Ningependa niishie hapa, lakini haitakuwa haki.

Mwaka juzi nilikuwa natunza daftari la vifaa vya kituo chetu cha vijana. Kijana mmoja wa miaka kumi na mitano aliazima taa ya sola asomee mtihani. Taa haikurudi. Nilipomuita alisema aliirudisha siku ya Alhamisi jioni, akampa mmoja wetu mlangoni. Mwenzangu akasema hakumbuki. Nikamuuliza kijana, ilikuwa kabla ya mvua au baada? Akasema kabla. Baadaye kidogo akasema baada. Nikamwambia, “Ona sasa, unajichanganya.” Niliona raha, siwafichi. Niliona nimekuwa hodari wa kuhoji. Nikaandika kwenye daftari: Amepoteza. Asiazimwe tena. Imefungwa.

Alirudi mara mbili. Mara ya kwanza alikuja na mdogo wake, akasema mdogo wake alimwona akiirudisha. Nilimwambia, “Hilo tumeshalimaliza.” Sikumsikiliza hata yule mtoto. Mara ya pili alikaa tu nje kwenye benchi, sikumuuliza amefuata nini. Baada ya hapo hakuja tena kituoni. Miezi michache baadaye familia yake iliondoka kambini.

Mnasubiri niwaambie kwamba taa ilipatikana chini ya makreti. Haikupatikana. Mpaka leo sijui kama alirudisha au aliuza. Inawezekana alidanganya.

Na hapo ndipo nilipolielewa jambo hili vizuri kuliko kwa MacMunn. Tunamhurumia MacMunn kwa sababu tunajua alikuwa sahihi. Lakini Hoppe-Seyler hakuwa na njia ya kujua hivyo mwaka 1890, kama mimi nisivyokuwa na njia ya kujua juu ya taa. Kama wajibu wa kusikiliza unategemea msemaji awe sahihi, basi hakuna atakayeutimiza, maana tunajua nani alikuwa sahihi baada ya kusikiliza, si kabla. Kosa langu halitegemei taa ilikwenda wapi. Hata kama yule kijana aliiuza, mimi nilimkosea siku ile aliyokuja na shahidi nikakataa kumtazama shahidi. Kumnyima taa nyingine ulikuwa uamuzi, naweza kuutetea. Kukataa kumsikiliza mtoto wa miaka minane aliyesimama mlangoni, siwezi kuutetea.

Kwa hiyo naona deni lenyewe ni dogo, na linalipika hata kwenye dirisha lenye foleni. Mwambie mtu sababu, kwa maneno anayoweza kuyajibu. Mwambie akipata kingine akilete wapi. Na anayekitazama hicho kingine asiwe yule yule aliyekataa cha kwanza. Mambo matatu. Hayahitaji umwamini mtu, wala hayahitaji moyo mwema sana. Yanahitaji tu ukubali kwamba unaweza kuwa unaona damu mahali pasipo na damu.

Na sisi tunaosema, tuna deni letu pia: tukikosea, tuseme tumekosea hapo, tusiung'ang'anie uongo mdogo kwa kuogopa utaua ukweli mkubwa. Ingawa nakiri, kusema hivyo ni rahisi pale tu ambapo anayekusikiliza hasubiri jiwe moja amwage ungo.

Yule kijana wa video nilimpa jibu lake. Nilimwambia kwamba wekundu wa anemoni unafanana na wa mawese, lakini chini yake kuna kitu cha ukoo wa damu, na kwamba hata yeye anacho. Akaniuliza tumejuaje. Nikamsimulia yote haya, isipokuwa habari ya taa. Hiyo nawasimulia ninyi.

Daftari la zamani bado lipo kabatini. Wiki iliyopita nilifungua ule ukurasa. Nimekata neno “Amepoteza”, nimekata neno “Imefungwa”, pembeni nimeandika “Haijulikani. Alisema ana shahidi, sikumsikiliza,” nikaweka tarehe na jina langu.